Kijani Mpaka Getini

Mwezi wa pili jua la Nairobi huwa kali kweli. Siku moja mwezi huo nilikuwa naandika kwa bedsita yangu, chini ya mabati, tokeni za stima zimeisha, laptopu imebaki asilimia tisa. Nikakumbuka maktaba ya chuo nilichoacha. Nikapanda matatu.

Chuo chenyewe sitakitaja. Nilikiacha mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na wakati huo maktaba hii mpya ilikuwa bado nguzo na vumbi. Mhadhiri mmoja alitutembeza pale tukiwa tumevaa kofia za mjengo, akatuonyesha hewa itakapoingilia na itakapotokea. Sasa imekamilika. Madirisha ni marefu, paa lina sola, mabomba yanashusha maji ya mvua mpaka kwa tangi, na kando ya mlango kuna kibao kinachong'aa. Kinasema jengo hili limejengwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

"Kadi, kijana," soja akasema.

"Niliacha shule, mzee. Nataka tu kukaa masaa mawili nisome, nichaji na laptopu."

"Pole sana. Ni wenye kadi peke yao. Hivyo ndivyo nimeambiwa."

Nikamwambia sawa. Nikasogea kando, nikasimama kwa kivuli cha ukuta nikiangalia kama M-Pesa ina nauli ya kurudi. Akanifuata polepole, kama mtu anayeona haya. "Hata hapo, kijana wangu, hawataki mtu asimame."

Kivuli cha jengo la vizazi vijavyo. Na mimi, miaka ishirini na minne, sijui nimo katika kizazi gani.

Najua geti lina sababu zake. Laptopu huibiwa, vitabu hupotea, na soja ndiye hukatwa mshahara. Kilichonikaa akilini njiani nikirudi ni swali la kihakiki tu: lile jengo ni zuri? Huu mwaka wa tatu naandika mapitio ya vitabu na filamu, na hakuna mhariri angekubali nisifu riwaya kwa sababu ya maneno yaliyo kwa jalada la nyuma. Lakini majengo ya kijani ya mji huu tunayasifu hivyo hivyo. Tunasoma kibao, tunapiga picha, tunaenda. Hebu tujaribu kuyasoma yenyewe.

Anza na jua. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Jua huchomoza mashariki, hupita karibu juu ya utosi, huzama magharibi. Kwa hivyo kuta zinazopigwa vibaya ni za mashariki na magharibi. Dirisha likitazama kaskazini au kusini, hata kipaa kifupi kinalikinga. Halafu, kwa sababu ya mwinuko, usiku wetu ni baridi. Ukuta mzito wa mawe hunywa joto mchana na kulitema usiku, na asubuhi nyumba inaanza siku ikiwa imepoa.

Ukishajua hayo tu, unaweza kusimama Upper Hill au Westlands na kusoma majengo kama vichwa vya habari. Mnara wa kioo ulioelekeza uso wake magharibi umeandika wazi: walio ndani watalipa stima ya kupozea hewa kila alasiri, mpaka siku utakapobomolewa. Sura hiyo tumeinakili kutoka miji ya baridi, ambako watu hulitafuta jua. Sisi tunalikimbia, halafu tunajenga nyumba za kulikamata.

Na si kwamba hatukuwa tunajua. KICC ilifunguliwa 1973, ghorofa 28, kazi ya Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwei akishirikiana na David Mutiso. Madirisha yake yamekingwa jua kwa zege lenyewe. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiliita jengo lolote Nairobi "la kijani". Walijua tu jua liko wapi.

Nenda Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kule Lang'ata. Maktaba yao kubwa ilisanifiwa na Musau Kimeu, na ukumbi ulio ndani yake hupozwa na mawe. Kuna kitanda cha mawe chini. Hewa ya nje hupitishwa katikati yake, ikapoa, ndipo ikaingia kwa watu. Ni wazo rahisi kiasi kwamba shosho yangu angelielewa, kwa sababu mtungi wake wa maji aliuweka chini kwenye kona kwa akili hiyo hiyo. Hapo namvulia msanifu kofia.

Halafu Gigiri. Jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lilifunguliwa Machi 2011 na Ban Ki-moon pamoja na Rais Mwai Kibaki. Ni la wafanyakazi wapatao 1,200, na juu yake kuna mita za mraba 6,000 za paneli za sola. Hewa hupita yenyewe na mwanga hushuka katikati. Wafanyakazi walipewa laptopu badala ya kompyuta za mezani kwa sababu hutumia stima kidogo. Kila sehemu imefikiriwa. Nakiri kwamba nimelisoma kwa picha na ramani tu, kwa sababu ile ni ardhi ya mabalozi na hupiti tu kama unavyopita Tom Mboya. Hilo lenyewe ni sehemu ya uhakiki: mojawapo ya majengo ya kijani yanayotajwa sana Kenya, wakazi wengi wa Nairobi watalijua kwa picha.

Tukifika kwa sola, lazima tuongee ukweli ambao vibao havisemi. Zaidi ya robo tatu ya umeme wa Kenya tayari unatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo wa Loiyangalani na jua. Gridi yetu ni safi kuliko za nchi nyingi tajiri zinazotufundisha uendelevu. Kwa hivyo sola juu ya paa la Nairobi inaokoa pesa, na hilo ni jambo zuri, lakini hewa chafu inayookolewa hapo ni ndogo kuliko unavyodhani. Hesabu nzito iko kwa simiti, ambayo duniani hutoa karibu asilimia 8 ya gesi ya kaboni inayosababishwa na binadamu, na iko kwa magari yanayoleta watu kwenye jengo hilo. Ukiona jengo la kijani lenye ghorofa tatu za maegesho chini ya ardhi, jua limeandika sentensi moja na kuifuta kwa sentensi inayofuata.

Garden City Mall, kwenye Thika Road, waliweka sola juu ya maegesho mwaka wa 2015. Ni kazi safi, na bidhaa yake ya pili ni kivuli, kwa hivyo magari yanakaa pazuri. Sasa toka nje uende stage, yoyote ile ya jiji hili, saa saba mchana. Watu wengi wa Nairobi huenda kazini kwa miguu na kwa matatu, na stage nyingi hazina hata bati moja. Tumejua kuwawekea kivuli Probox na Prado. Mama aliyebeba mtoto anatumia leso.

Nilipoanza kuuliza kwa nini, nikafika kwa vyeti. Kimoja kinachotumika sana hapa kinaitwa EDGE, na kinatoka kwa IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia. Ili kukipata, jengo lazima liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 kwenye vifaa vya kujengea, ukililinganisha na jengo la kawaida. Ni kipimo kizuri. Kinazuia uongo mwingi. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn iliuza hatifungani ya kwanza ya kijani Kenya, shilingi bilioni 4.3, ya kujenga hosteli za wanafunzi za kiwango hicho, na Januari 2020 hatifungani hiyo ikaorodheshwa pia katika soko la hisa la London. Fikiria hilo: kitanda cha mwanafunzi wa Nairobi kinawekezwa London kwa sababu bafu lake halimwagi maji ovyo.

Sipingi. Nimeishi hosteli ambayo bomba lilivuja muhula mzima na hakuna aliyejali, kwa hivyo bafu lisilovuja nalipigia makofi. Lakini angalia orodha ya vipimo tena: nishati, maji, vifaa. Hakuna mahali pa kuandika kodi ya nyumba. Hakuna mahali pa kuandika mwanafunzi asiyeweza kulipa alienda wapi. Ninaweza kukwambia alienda wapi: kwa ploti ya mabati nyuma ya chuo, kwa maji ya mkokoteni, mtungi wa lita ishirini. Cheti kinapima jengo mpaka ukuta wa nje, na huko ndiko mji unakoanzia.

Hapa msomaji atasema, wewe una kinyongo na geti, unakiita uhakiki. Labda. Lakini sikiliza hoja yangu, kwa sababu nadhani ni ya usanifu kabisa. Uendelevu ni neno linalotokana na kuendelea. Jengo au bustani ikidai uendelevu, swali la kwanza ni nini kitaifanya iendelee. Katika mji huu, ambapo ardhi wazi hunyakuliwa mchana watu wakitazama, historia imejibu mara kadhaa, na jibu huwa ni lile lile.

Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Haina sola wala kibao cha kijani. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga hapo maegesho ya ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akaanzisha kampeni, watu wakaungana naye, na mpango ukafa. Nenda leo saa saba mchana: wahubiri wawili wanashindana sauti, wapiga picha wanangoja wateja, Bunge la Mwananchi liko kikaoni chini ya mti, na mtu mwenye suti amelala kwa nyasi, viatu vimewekwa chini ya kichwa. Miti ile imesimama kwa sababu ina watu wengi mno wanaojua wangepoteza nini.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1989, Wangari Maathai alikuwa amepinga mnara wa ghorofa 60 uliopangwa kusimama Uhuru Park. Alitukanwa bungeni. Mnara haukujengwa. Kisha Karura: Januari 1999 alishambuliwa na walinzi wa kukodiwa alipoenda kupanda miti kwenye msitu uliokuwa umegawanywa kwa wajenzi. Na nani waliingia barabarani baada ya hapo? Wanafunzi wa vyuo vikuu. Walikimbizwa na polisi kwa ajili ya msitu ambao hawakuwa na ploti ndani yake. Kila ninaposikia chuo kikizindua mradi wa kijani kwa utepe na maji ya chupa, nawakumbuka wanafunzi wale. Huo ulikuwa mradi wa kijani wa chuo, na haukuwa na bajeti.

Tena Novemba 2020, mugumo wa Waiyaki Way, mti wa miaka kama mia moja, ulikuwa kwenye njia ya Expressway. Watu walipiga kelele mpaka amri ikatoka kwa rais usikatwe. Barabara ya kilomita 27 ikafunguliwa 2022, mti bado uko. Usinielewe vibaya: miti mingine mingi ya barabara ile haikuwa na bahati hiyo. Ilikatwa kabla hatujaijua majina. Uliopona ni ule ambao watu walikuwa wakipita chini yake, wakiutumia kuelekezana njia, wengine wakiuogopa na kuuheshimu kama mizee yetu ilivyofundishwa kuuheshimu mugumo.

Ndiyo maana nasema geti ni suala la usanifu. Mahali palipofungiwa watu pana walinzi wa mshahara, na siku mshahara utakapotoka kwa mnyakuzi, walinzi watabadilisha upande. Mahali ambapo watu wamewahi kukaa, wakapoa, wakabusiana, wakalia, pana walinzi wa bure. Ukimfukuza kijana kwa kivuli cha ukuta wako, umepunguza idadi ya watakaokutetea.

Nimejibishana na rafiki yangu kuhusu hili, na ana hoja ambayo siwezi kuiruka. Anasema Karura yenyewe ina ua na ada ya kuingia, na kabla ya ua ilikuwa msitu wa kuporwa na kutupwa maiti. Yeye ni mwanamke, hukimbia pale peke yake Jumamosi asubuhi, na bila ule ua hangekanyaga. Kweli. Mto Nairobi hauna geti, na angalia tulivyoufanya. Wazi peke yake haitoshi. Mahali wazi pasipo na mwenye kupajali hugeuka jaa.

Lakini hata kujali si lazima kuanze na ukuta. Dandora, mtaa uliopangwa miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ukaishia kuwa jirani wa jaa kubwa kuliko yote mjini, vikundi vya vijana vilianza kuzoa taka kwenye viwanja vilivyo katikati ya nyumba. Wakapanda miti na nyasi, wakapaka rangi kuta, watoto wakapata mahali pa kucheza mbali na gari. Hakuna aliyewaletea cheti. Wanaojali pale ni wale wale wanaokaa pale, na hilo ndilo jambo ambalo mshauri wa mazingira hawezi kukuuzia.

Halafu kuna jibu la zamani zaidi, na liko Pwani. Mji wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wanafunzi wa usanifu hupelekwa huko kuonyeshwa kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli, na vyumba ambavyo upana wake ulipimwa na urefu wa boriti ya mkoko. Hayo yote ni usanifu wa kijani wa daraja la kwanza. Kitu ninachokipenda zaidi kiko mlangoni. Nyumba kubwa ya Lamu ina daka, na kwenye daka kuna baraza, kiti cha mawe kilichojengwa kwa nyumba yenyewe. Mgeni, jirani, muuza samaki, mpita njia, yeyote anaweza kuketi hapo kivulini. Mlango wa ndani unabaki umefungwa. Siri za nyumba ziko salama, mali iko salama, na mtaa umepewa kiti.

Yaani tatizo la rafiki yangu na tatizo langu yalitatuliwa kwa mawe karne nyingi zilizopita. Huhitaji kuchagua kati ya usalama na ukarimu. Unahitaji msanifu anayekumbuka kwamba jengo lina upande wa nje.

Kwa hivyo nikipewa kazi ya kuandika kipimo kimoja zaidi kwenye cheti cha kijani cha Nairobi, ningeandika hiki: jengo limewapa nini wasio na kadi? Benchi kivulini upande wa barabara. Bomba moja la maji ya mvua lililoelekezwa nje ya ua. Soketi mbili chini ya kipaa, kwa sababu sola saa saba mchana mara nyingi huzalisha zaidi ya inayotumika. Miti mitatu iliyopandwa kwa stage badala ya nyuma ya ukuta. Gharama yake ni ndogo kuliko ya utepe na hotuba za uzinduzi. Na maktaba ile niliyofukuzwa ingefaulu kwa urahisi; upande wake wa kusini una ukuta mrefu mtupu, kivuli tele, hakuna hata kiti.

Kwa nishati, jengo lile nalipa alama za juu. Kwa hewa na mwanga, vile vile; mhadhiri wetu hakutudanganya. Kama kazi nzima, bado ni nusu ya kitabu, iliyochapishwa kwa karatasi nzuri.

Siku ile nilishuka tauni nikaenda Jeevanjee. Laptopu niliichaji kwa kibanda cha simu, shilingi ishirini, nikaketi chini ya mti kuandika ukurasa wa kwanza wa makala hii huku mhubiri akinitishia moto wa milele. Kuna kitu nilikuwa nimekiona nikitoka getini na kikakataa kuondoka kichwani. Kibanda cha soja. Kimejengwa kwa mabati matupu pande zote, hakina sola, hakina mti, na kidirisha chake kimoja kinatazama magharibi. Yule mzee hukaa humo masaa kumi na mawili akilinda jengo la kijani.